Sauti Nne za Johannesburg: Historia ya Manhattan Brothers kwa Sisi Tuliorudi



Katika toleo hili tunaacha kidogo mambo ya mbegu, ya likelemba na ya hesabu ya kisanduku, tunaingia mu historia. Tumechagua historia ya waimbaji wanne wa Johannesburg walioitwa Manhattan Brothers. Memba wengine watauliza: waimbaji wa Afrika ya Kusini wanatuhusu nini siye watu tuliovuka Ziwa Tanganyika tukarudi kwetu?

Jibu letu ni fupi. Wale watu waliimba pamoja miaka kama 25 katika inchi yao. Kisha wakatoka kwa ajili ya kazi ya muda, na ule muda ukakuwa maisha. Nyuma yao, mtaa ambako jina lao lilikomea ulibomolewa, na jina la mtaa likafutwa ku karte. Kilichobaki ni kile kilichoingia mu disiki na kile watu walichoandika. Sisi tunajua hesabu ya namna ile. Mtu akirudi anaulizwa: parseli yako ilikuwa wapi? Karatasi iko wapi? Nani anakujua hapa?

Watoto wa shule ya Pimville

Kwanza tueleze neno. Siye hapa tukisikia “jazz”, tunawaza African Jazz ya Kabasele ama OK Jazz ya Franco, na wale waliokaa Tanzania wanakumbuka Tabora Jazz na Western Jazz. Hizo zilikuwa orkestra za gitaa, za ngoma na tarumbeta. Manhattan Brothers walikuwa kitu kingine. Chombo chao cha kwanza kilikuwa koo. Walikuwa wanaume wanne wanaimba sauti nne kwa pamoja, sawa vile kwaya zetu zinagawanya soprano, alto, tenor na bass, lakini kila sauti iko na mtu mmoja peke yake. Ku kwaya ya watu 40, mmoja akisinzia hakuna anayejua. Wakiwa wanne, mmoja akikosa, wimbo wote unaanguka.

Majina yao tuyaandike vizuri: Nathan Mdledle, ambaye watu walimuita Dambuza, Joe Mogotsi, Rufus Khoza, na Ronnie Sehume. Walianza katikati ya miaka ya 1930, wakiwa bado vijana wa shule huko Pimville, mtaa wa Weusi ambao leo uko ndani ya Soweto. Majina yenyewe yanaonyesha kwamba hawakutoka kabila moja. Waliimba Kixhosa, Kizulu na Kisotho, na mara nyingine Kiingereza.

Mfano wao waliupata ng'ambo, kwa njia ya disiki. Marekani kulikuwa na ndugu wanne wa tumbo moja, Mills Brothers, kutoka mji mdogo wa Piqua katika jimbo la Ohio. Hao walijua kuiga vyombo kwa mdomo: huyu anakuwa tarumbeta, yule anakuwa besi, na gitaa moja tu inawasindikiza. Disiki yao ya “Tiger Rag” ya mwaka 1931 ilienea mbali sana. Kaka yao mkubwa, John, aliyeshika sauti ya chini, alikufa mwaka 1936 akiwa angali kijana. Wadogo zake walikuwa karibu kuacha kazi. Baba yao mzazi akasimama pale mtoto wake alipokuwa anasimama, akaimba ile sauti ya chini miaka mingi. Kazi haikufa.

Vijana wa Pimville walisikiliza hizo disiki paka wakazishika kichwani. Nyimbo za Marekani wakazitia maneno ya kwao, ili mama wa jikoni na mchimba dhahabu wazisikie kama zao. Jina Manhattan walilitwaa ku mji wa New York, kwenye kisiwa kilicho na mtaa wa Harlem, ambao Weusi wa dunia nzima waliusifu wakati ule. Wakavaa suti za kupendeza, viatu vinang'aa. Tusiwacheke kwa hilo. Mu inchi ambako sheria inakuita “boyi” hata ukiwa na mvi, suti iliyopigwa pasi ilikuwa njia ya kusema: na mimi ni mtu mzima wa mji.

Kuimba paka asubuhi

Namna usiku wao ulivyopangwa inaonyesha inchi ilivyokuwa. Mweusi hakuruhusiwa kutembea mjini usiku bila karatasi ya ruhusa. Magari ya kurudisha watu mitaani yalisimama mapema. Sasa ukiita watu waje kusikiliza muziki saa mbili ya usiku, watarudi kwao namna gani?

Watu wa Johannesburg walipata dawa. Walitengeneza sherehe ya vipande viwili katika usiku mmoja. Kutoka saa mbili ya usiku paka saa sita, watu wanakaa ku viti wanaangalia waimbaji na michezo. Kutoka saa sita paka saa kumi ya alfajiri, viti vinasukumwa pembeni, orkestra inapiga, watu wanacheza. Kukipambazuka, marufuku ya usiku imekwisha, kila mtu anakwenda zake. Waliokuwa wanazuiliwa usiku wakaufanya usiku wote kuwa wao.

Katika kile kipande cha kwanza njo Manhattan Brothers walipata jina. Waliimba pamoja na orkestra kubwa kama Jazz Maniacs. Baadaye wakasindikizwa na kikundi kidogo cha Shantytown Sextet, kilichokuwa na mpiga saksafoni Mackay Davashe pamoja na Kippie Moeketsi, mtu anayehesabiwa paka leo kati ya wapigaji wakubwa wa Afrika ya Kusini. Walisafiri miji kwa miji kwa treni na kwa gari, wakilala kwa wenyeji, maana hoteli hazikuwapokea.

Disiki, na nani alikula pesa

Kuhusu pesa, memba wetu watasikia vizuri sana.

Manhattan Brothers walirekodi kwa kampuni ya Gallo ya Johannesburg. Disiki za kampuni hiyo ziliuzwa mbali, na hata sauti ya Congo yetu ilipita mule. Mwaka 1952, Mwingereza Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa muziki, alifika Jadotville, inayoitwa leo Likasi. Pale alimkuta kijana mpiga gitaa, Mwenda Jean Bosco, anayeimba Kiswahili cha Katanga. Wimbo wake “Masanga” ukatoka ku disiki za Gallotone, alama ileile iliyobeba Manhattan Brothers. Kijana wa Katanga na wanaume wa Pimville walikuwa ku rafu moja ya duka.

Lakini msanii Mweusi wa wakati ule alilipwa namna gani? Mara nyingi alipewa pesa mkononi siku ya kurekodi, basi, imekwisha. Disiki ikiuzwa mia ama elfu mia, yeye haongezewi kitu. Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Solomon Linda. Alirekodi “Mbube” mwaka 1939 ku studio ileile ya Gallo, na malipo yake yalikuwa kidogo sana. Ule wimbo ulizunguka dunia kwa jina lingine, la simba anayelala, ukaingizia watu wengine mali nyingi. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Ni mwaka 2006 tu watoto wake wa kike walifikia mapatano ya kulipwa, kisha mashtaka.

Manhattan Brothers walikuwa na jina kubwa, lakini jina halikubadilisha ule mpango. Ndiyo maana walipaswa kusafiri bila kupumzika: aliyelipwa mara moja tu kwa disiki, chakula chake kinatoka ku jukwaa la kila wiki. Walikuwa wanne wakigawana kidogo, na walishikamana. Tunawaza kwamba hilo ni jambo kubwa kama nyimbo zenyewe. Kila memba ambaye amekaa mu likelemba anajua: kikundi hakivunjwi sana na umaskini, kinavunjwa na mashaka juu ya mgao.

Binti mmoja kati ya wanaume wanne

Karibu mwaka 1954 walitafuta mwanamke wa kuimba nao. Wakamchukua binti mmoja ambaye watu wachache walimjua, jina lake Miriam Makeba. Alikuwa na umri wa miaka kama 22, na alikuwa tayari mama wa mtoto mmoja. Pamoja nao alizunguka Afrika ya Kusini, wakavuka mpaka kwenda Rhodesia, wakafika hata Congo ya Wabelgiji. Mama Afrika, ambaye dunia nzima ilimjua baadaye, alijifunza kazi ya jukwaa na ya safari ndani ya kikundi hiki.

Pamoja waliimba wimbo uliotungwa na Mackay Davashe, “Laku Tshoni Ilanga”. Kwa Kixhosa ulikuwa wimbo wa huzuni: jua linazama, mtu hajarudi nyumbani, na anayempenda anatoka kumtafuta, anapita mu hospitali na mu magereza. Kila Mweusi wa Johannesburg alielewa bila kuelezwa, maana mtu kupotea namna ile lilikuwa jambo la kila siku. Alisahau karatasi yake, akakamatwa barabarani, nyumbani hawajui.

Kisha ukatengenezwa wimbo wa Kiingereza ku sauti ileile, kwa kuuzia Wazungu na Wamarekani. Jina likawa “Lovely Lies”. Maneno mapya yalisema habari za mpenzi anayedanganya vizuri. Hospitali na gereza zikatoka, jua lililozama likatoka. Mwaka 1956 ile disiki iliingia katika orodha ya nyimbo 100 za gazeti la Billboard la Marekani, na inahesabiwa kuwa ya kwanza kutoka Afrika ya Kusini kufika pale. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini ule mlango ulifunguka kisha maneno ya kwao kubaki inje.

Tunaliandika hili mbele ya wafadhili wetu bila uchungu, kwa sababu sisi pia tunalijua. Mara ngapi habari ya mtu wetu inatafsiriwa ku ripoti, ikifika mbali imekuwa habari nyingine, tamu, nyepesi, isiyo na mwenyewe! Tunashukuru wale wanaouliza maneno ya kwanza yalikuwa nini.

Mtaa uliobomolewa

Wakati ile disiki inapanda Marekani, ku Johannesburg kitu kingine kilikuwa kinashuka. Kulikuwa na mtaa unaoitwa Sophiatown. Tofauti na mitaa mingi, pale Mweusi aliweza kununua kiwanja akakimiliki kwa hati. Watu wa makabila yote walichanganyika, pamoja na Wahindi, Wachina na machotara. Kulikuwa na umaskini mwingi na majambazi pia, tusidanganye. Lakini waandishi, waalimu, wanamuziki na wauza pombe waliishi ukuta kwa ukuta, na muziki wa namna ya Manhattan Brothers ulipata pale masikio yake.

Serikali ya ubaguzi, iliyoingia mwaka 1948, haikuweza kuvumilia mahali kama pale. Mwaka 1950 ilipitisha sheria ya kugawa maeneo kwa rangi. Tarehe 9 mwezi wa pili 1955, askari polisi karibu 2,000 wenye silaha waliingia Sophiatown na malori, wakaanza kuhamisha familia kwenda Meadowlands. Kazi iliendelea miaka kadhaa, nyumba kwa nyumba. Huko kupya watu walipangwa kufuata kabila: Wazulu huku, Wasotho kule. Wale waliokuwa wanaimba Kixhosa na Kisotho ndani ya wimbo mmoja waliambiwa kwamba hawawezi kuishi ku barabara moja. Hati za viwanja hazikuokoa mtu. Juu ya mabomoko wakajengewa Wazungu, na mtaa ukapewa jina Triomf, maana yake ushindi.

Yalisalia majengo machache. Moja ni kanisa la Kristo Mfalme. Lingine ni nyumba ya daktari Xuma, aliyekuwa kiongozi wa chama cha ANC. Memba wetu waliorudi wakakuta paka mwembe na msingi wa kanisa watajua maana ya majengo mawili kubaki.

King Kong, na safari ya London

Tarehe 2 mwezi wa pili 1959, ku ukumbi mkubwa wa chuo kikuu cha Witwatersrand, kulionyeshwa kwa mara ya kwanza mchezo wa nyimbo unaoitwa King Kong. Muziki ulitungwa na Todd Matshikiza. Habari yenyewe ilikuwa ya kweli: mpiga ngumi Ezekiel Dlamini, aliyejiita King Kong, alipanda juu sana, akaanguka, akamuua mpenzi wake, akafa gerezani mwaka 1957. Nathan Mdledle akacheza huyo mpiga ngumi. Joe Mogotsi akacheza mkubwa wa majambazi. Miriam Makeba akacheza mwanamke mwenye nyumba ya pombe. Kati ya wapiga vyombo alikuwemo kijana Hugh Masekela. Ukumbi ulikuwa wa chuo, kwa hiyo Weusi na Wazungu waliweza kuwa watazamaji pamoja, jambo ambalo kumbi za mji hazikukubali.

Watu walijaa. Kisha London ikaita. Lakini kati ya ule mwaka na safari, inchi ilibadilika. Tarehe 21 mwezi wa tatu 1960, polisi walipiga risasi watu waliokuwa wanapinga karatasi za ruhusa huko Sharpeville, wakaua 69. ANC na chama cha PAC vikakatazwa. Makeba alikuwa ametangulia inje mwaka 1959. Mama yake alipokufa mwaka 1960, alitaka kurudi kumzika, akaambiwa kwamba pasipoti yake imefutwa. Hakumzika mama yake. Wengi kati yetu tuliofiwa tukiwa Lugufu ama Nyarugusu, huku mzazi anazikwa upande huu wa ziwa, hatuhitaji kuelezwa.

King Kong ilifunguliwa London mwezi wa pili 1961. Tarehe 31 mwezi wa tano mwaka uleule, Afrika ya Kusini ikakuwa jamhuri na kutoka mu Jumuiya ya Madola. Inchi waliyoondoka haikuwa tena ile waliyoacha. Mchezo ulipokwisha, wasanii walikuwa na njia mbili. Wengine walipanda ndege kurudi. Wengine wakabaki, na Manhattan Brothers wakawa kati ya hao waliobaki.

Hakuna aliyewafukuza kwa fimbo. Njo kitu ambacho watu wengi hawaelewi juu ya ukimbizi. Mara nyingi mtu hakati shauri la kukaa inje miaka 30. Anakata shauri la kungoja kidogo, mambo yatulie. Kisha anakata tena shauri lilelile. Siku moja anaona watoto wake wanazungumza kwa lafudhi ya kule.

Sauti bila masikio yake

London iliwapokea vizuri, na waliendelea kuimba. Lakini tuangalie jambo kwa utulivu. Kikundi cha sauti nne kinaishi kwa masikio ya watu wake. Pimville mtu alisikia neno moja la Kixhosa akacheka mbele wimbo haujafika mwisho, maana alijua ni nani anayesemwa. London walipiga makofi kwa utamu wa sauti, basi. Tena muziki wa dunia ulikuwa unageuka: gitaa za umeme na vikundi vya vijana vilishika mahali. Na nyumbani walikokuwa wafalme, kizazi kipya kilikua bila kuwaona ku jukwaa. Watu waliwajua kwa disiki za zamani za baba zao.

Makeba alipata njia pana kuliko wao. Aliimba Marekani, akasema mbele ya Umoja wa Mataifa, akakaa Guinea, na mwaka 1974 aliimba Kinshasa ku tamasha kubwa lililotayarishwa kusindikiza ngumi ya Ali na Foreman. Wazee wetu wengi njo kule walimuona. Wachache walijua kwamba shule yake ya kwanza ilikuwa wale wanaume wanne.

Kurudi ni kitu gani

Nelson Mandela alitoka gerezani mwezi wa pili 1990. Mwaka uleule Makeba akarudi kwao, kisha miaka zaidi ya 30. Kwa Joe Mogotsi mambo yalikuwa tofauti. London alikuwa ameoa, alikuwa na maisha. Mke wake, Pearl Connor, mzaliwa wa Trinidad, alikuwa mtu aliyesimamia kazi za wasanii Weusi mu Uingereza kwa miaka mingi. Pamoja naye Mogotsi aliandika kitabu cha maisha yake na ya kikundi, kikatoka mwaka 2002. Jina lake la kwanza ni Mantindane, na maana yake wanaieleza hivi: yule anayesalia. Alikufa mwaka 2011.

Miaka mitano mbele ya kifo chake, mwezi wa pili 2006, mji wa Johannesburg ulifuta jina Triomf na kurudisha jina Sophiatown. Nyumba hazikurudi. Wengi waliozaliwa pale walikuwa wamekwisha kufa. Lakini jina lilirudi ku vibao vya barabara, na hilo halikutokea lenyewe. Lilirudi kwa sababu kwa miaka 50 kulikuwa na watu waliokataa kutumia jina lingine. Waliandika vitabu, walitunza picha, walitunza disiki. Serikali yenye polisi 2,000 na matingatinga haikuweza kuingia nyumba kwa nyumba kukusanya disiki zote za Manhattan Brothers.

Kile tunachoomba

Tunatoa nini mu historia hii? Hatutaki kuwaambia memba kwamba muziki unajenga nyumba. Ku mikutano yetu tunasikia maswali magumu zaidi: shamba limekaliwa na mtu mwingine, mtoto amezaliwa Tanzania na hana cheti, mjane hajui mpaka wa parseli ya marehemu bwana yake. Hayo yanahitaji sheria, mashahidi na subira.

Lakini mashahidi wanatoka wapi? Ni wazee. Na wazee wetu wanakwisha. Kuna mama anayejua wimbo wa mavuno unaotaja vijito na miti ya mpaka kwa mstari, kutoka mlimani paka ziwani. Kuna baba aliyekuwa mwalimu wa kwaya mbele ya vita ya 1996, anayekumbuka majina ya waimbaji wote na nyumba walimokaa. Ile ni hati. Haina muhuri, lakini ku baraza la wazee inasikilizwa, na mara nyingine inafika hata mbele ya tribinali.

Kwa hiyo komite inaomba mambo matatu. La kwanza: kila kikundi cha lokalite kichague vijana wawili wenye simu inayonasa sauti, wakae na wazee wetu, wanase nyimbo, majina na mipaka. Waandike siku, mahali, na jina la anayesema, kwa ruhusa yake mwenyewe. La pili: maneno yabaki mu lugha aliyoyasemea mzee. Ikiwa yatatafsiriwa kwa ajili ya wafadhili, maneno ya kwanza yakae pembeni yake, ili yasipate yale ya “Lovely Lies”. La tatu: ile kazi iwe mali ya wote. Mtu akitaka kuiuza ama kuitumia inje, aje mbele ya mkutano, mgao uandikwe mu daftari mbele ya mashahidi. Yaliyompata Solomon Linda yasitupate siye tukiwa tumekwisha kuonywa.

Kwa wafadhili tunasema: hatuombi studio. Tunaomba simu chache, kadi za kuhifadhi sauti, kabati moja ya chuma isiyoingia mchwa, na nafasi ya kuweka nakala mahali pa pili mbali na hapa, maana tunajua nyumba inaweza kuungua.

Na kwa wale wazee wa kwaya wanaosema kwamba sauti zao zimekwisha: njooni hivyohivyo, na sauti mliyo nayo. Vijana watakuwa ku ofisi ya shirika kila siku ya posho kuanzia saa tatu ya asubuhi. Anayekaa mbali ajulishe mkubwa wa kikundi chake, tutamfuata kwake.